JINSI MTU AVUTAVYO PUMZI
Mazungumzo kwa watoto wa shule

Kila mtoto anayesikiliza na aweke mkono juu ya mbavu zake, kisha avute pumzi polepole. Ataona kifua kinapanuka. Wengi hudhani kwamba kifua hupanuka kwa sababu hewa imeingia. Sivyo. Kifua hupanuka kwanza, ndipo hewa huingia, kama vile mivukuto ya mhunzi inavyovuta upepo inapopanuliwa.

Mwenye kazi hiyo hasa ni msuli mpana uitwao kiwambo, uliotandazwa chini ya mapafu, baina ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, nafasi ya kifuani huongezeka na hewa huingia; kikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika moja, hata akiwa usingizini, na mtoto mdogo hupita hesabu hiyo.

Hewa huingia puani, ambamo vinyweleo na ute hunasa vumbi, kisha hushuka kooni. Huko pana njia mbili, ya hewa mbele na ya chakula nyuma, na kifuniko kiitwacho kidakatonge huziba ile ya hewa mtu anapomeza. Mtoto achekaye na tonge kinywani hukivuruga kifuniko hicho, naye hupaliwa.

Bomba la hewa hugawanyika katika mapafu mawili (la kushoto ni dogo kidogo, maana huupisha moyo), na matawi yake huzidi kugawanyika mpaka kwenye vifuko vidogo mno, mamilioni mengi, vyenye kuta nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nyuma ya kuta hizo hupita damu. Chembe zake nyekundu ndizo wachukuzi: hupokea oksijeni, ambayo ni kama sehemu 21 katika kila 100 za hewa, na kuipeleka mwilini kote. Damu hurudi na kaboni dioksidi, nayo hutolewa nje kwa pumzi.

Lakini wachukuzi hao huweza kudanganyika. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na chembe nyekundu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifua hupanda na kushuka kama kawaida, kumbe damu imebeba mzigo usiofaa. Katika baridi ya Julai kule Limuru au Kinangop, watu huingiza jiko chumbani na kuziba dirisha, wakiona kwamba makaa yaliyokolea hayana moshi tena. Wako waliolala hivyo wasiamke. Moshi huweza kumwamsha mtu kwa kikohozi. Hewa hii haimwamshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoto akizisikia penye jiko, na awaambie wazazi mara moja, milango ifunguliwe, na watu wote watoke nje. Aliyezidiwa apelekwe hospitali apewe oksijeni, kwa maana hata nje penye hewa safi damu huchukua saa nyingi kuiachilia sumu hiyo.