Kusimama kwa Gurudumu la Nyuma: Breki, Nusu Pedali na Haraka ya Makocha

Mada hii imeombwa kwa ajili ya semina ya makocha wa baiskeli, na utaratibu unataka ianze na maana ya traiali. Wengi waliomo ukumbini wanaijua: mchezaji anapita juu ya mawe, magogo na zege bila kuweka mguu chini, kwa kawaida ndani ya dakika 2 kwa kila sehemu, na mguu ukigusa ardhi anaadhibiwa. Baiskeli zinazoshindanishwa ni za magurudumu ya inchi 20 na za inchi 26. Mchezo ulianzia Catalonia, Hispania, miaka ya 1970, wakati Pere Pi, mtu wa pikipiki za Montesa, alipomzoesha mwanawe Ot mbinu za pikipiki akiwa juu ya baiskeli. Shirikisho la kimataifa, UCI, linaandaa mashindano ya dunia tangu 1986. Historia ikomee hapo.

Kusimama palepale nako hakuna ubishi mkubwa. Mwanafunzi anaelekezwa kwenye kimwinuko kidogo, pedali zikiwa sawa na ardhi, mguu anaoutegemea ukiwa mbele, macho yakitazama mita chache mbele na si kwenye tairi. Akishazoea, anabana breki zote mbili na kurukaruka kidogo ili kujiweka sawa. Makocha wengi wanalifundisha hili vizuri.

Shida inaanza gurudumu la mbele linapoinuka.

Tangu video ya Danny MacAskill iliyopigwa Edinburgh isambae mwaka 2009, vijana wanafika uwanjani wakiwa tayari wanajua wanachotaka: kurukaruka kwa tairi moja, tena juu ya ukuta. Wanachosahau ni kwamba MacAskill alikuwa akichezea baiskeli tangu utotoni, kisiwani Skye. Kocha naye ana wazazi wanaotazama na ratiba inayombana, basi anakimbilia amri moja inayosikika karibu kila uwanja: "Vuta usukani!" Mtoa mada amekuwa akiipinga amri hiyo kwa miaka mingi, kwa barua na kwa mdomo, na bado inasikika.

Kinachotokea ni hiki. Mwanafunzi akivuta usukani, viwiko vinakunjika, kifua kinasogea mbele, nyonga zinatoka juu ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele linashuka, naye anavuta zaidi. Baada ya dakika chache mikono inatetemeka, na kocha anaandika kwamba kijana hana nguvu. Nguvu anazo. Hajafundishwa pedali.

Anayesimama kwa gurudumu la nyuma hunyoosha mikono, hurudisha nyonga nyuma na kufunga breki ya nyuma kabisa. Akianza kuangukia mbele, anaachia breki, anakanyaga pedali kidogo, anabana tena: gurudumu limesogea sentimita chache na kurudi chini ya uzito wake. Akianza kuangukia nyuma, anaruka kurudi nyuma, breki ikiwa imefungwa. Kazi yote ya mizani imo katika kuachia, kukanyaga na kubana, mambo matatu yanayopishana kwa muda wa kupepesa jicho.

Hapo ndipo baiskeli yenyewe inapoingia. Friwili yenye mishiko 18, yaani inayokamata mara 18 katika mzunguko mmoja, inaacha pengo la nyuzi 20 kabla mguu haujakamata kitu. Yenye mishiko 108 inaacha nyuzi 3 na ushee. Ndiyo maana baiskeli nyingi za traiali zina friwili ya mishiko mingi, mara nyingi imefungwa mbele kwenye krenki. Breki ina uzito zaidi. Ikiteleza kidogo tu wakati mtu ameegemea nyuma, gurudumu linachomoka mbele naye anatua kwa mgongo. Akianguka hivyo mara mbili, hataegemea nyuma tena, hata apigiwe kelele namna gani. Mafundi wa mchezo huu huchubua ringi kwa grainda, mikwaruzo myembamba ya kukingama, ili mpira wa breki ung'ate. Inapiga kelele mbaya, lakini inashika.

Kuna kamati moja, isiyohitaji kutajwa, iliyokataa ringi zichubuliwe kwa hoja kwamba mali inaharibika. Mtoa mada anaiheshimu kanuni ya kutunza mali. Angependa tu izingatiwe kwamba mgongo wa mtoto nao una gharama.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba breki ipimwe kabla ya kila zoezi: mwanafunzi abane kwa kidole kimoja, kocha aisukume baiskeli kwa uzito wake wote, gurudumu likizunguka, zoezi lisianze. Inapendekezwa pia kwamba kushuka kwa nyuma kufundishwe siku ya kwanza, kabla ya kuruka kokote. Baiskeli hizi nyingi hazina kiti, hivyo kutua kwa miguu miwili nyuma ya tairi ni rahisi kwa aliyezoezwa. Kofia na vikinga muundi visiwe hiari. Neno "vuta" liondolewe katika miongozo, na nafasi yake ichukuliwe na "kanyaga". Wanafunzi waanze na mruko mmoja na kushuka, kisha miwili, juu ya mstari wa chaki, na ukingo wa barabara usubiri. Maonyesho ya wazazi yasogezwe mwisho wa muhula. Fedha zikiwa chache, zinunue breki nzuri kabla ya fremu nyepesi. Na breki ipimwe. Hili limekwisha kusemwa hapo juu, na linarudiwa kwa makusudi.

Zoezi la kuchubua ringi litafanyika uani baada ya chakula cha mchana. Grainda ni moja na miwani ya kukinga macho ni miwili, kwa hiyo washiriki wajiandikishe mapema kwa katibu, wawili wawili.