Deni la Kisima: Kwa Nini Ardhi Hudidimia Kwingine, Chepilat Isididimie



Nimeombwa nizungumzie modeli za kudidimia kwa ardhi kunakotokana na kuvuta maji ya chini kupita kiasi. Baadhi yenu mmeona video za miji inayozama, mkauliza kama zamu yetu inakuja. Nianze na jibu, maana wengine mna ng'ombe wa kukamua jioni. Ardhi ya hapa Chepilat, kati ya Sotik na Kisii, haitadidimia kwa sababu ya visima virefu, hata viongezeke mara kumi. Chini ya udongo wetu mwekundu mna fonoliti, lava iliyomiminika mamilioni ya miaka iliyopita ikaganda juu ya nchi ya Kericho na Sotik. Ukielekea Kisii unaingia kwenye miamba mikongwe zaidi, migumu vilevile. Anayedai kwamba ukuta wake umepasuka kwa sababu jirani amechimba kisima, mwambieni akague kwanza msingi wa nyumba na mteremko aliojengea.

Lakini sijaja kuwatuliza. Kila lita inayotoka kisimani ina deni. Mahali pengine deni hilo hulipwa na ardhi yenyewe, kwa kushuka. Huku kwetu hulipwa na mwingine, na nitafika kwake.

Tuanze na ardhi inayoshuka. Uzito wote ulio juu ya tabaka la chini, yaani udongo, mawe, nyumba na lori la chai, hubebwa na vitu viwili kwa pamoja: chembe zinazogusana, na maji yaliyobanwa katikati yake. Aliyeiweka wazi hesabu hii ni mhandisi Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyekuwa akifundisha Istanbul, katika kitabu alichochapisha Vienna mwaka 1925. Pampu ikiwashwa, uzito wa juu unabaki karibu vilevile. Kinachopungua ni shinikizo la maji, na mzigo ambao maji yalikuwa yameubeba unahamia kwenye chembe. Shinikizo hilo likishuka kwa kimo cha mita 10 za maji katika tabaka lililofunikwa, kila mita ya mraba inapokea mzigo wa ziada wa karibu tani 10.

Mchanga na mwamba huupokea mzigo huo vikajibana kidogo sana, na maji yakirudi navyo hurudi. Udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine. Chembe zake ni bapa, na zilipotua ziwani au kwenye bonde la mto zilitua ovyo, zikaacha nafasi nyingi kati yake. Mzigo ukizidi ule mkubwa kabisa ambao tabaka hilo limewahi kuubeba, chembe hulala na nafasi hufungwa. Mnayajua majani mabichi ya chai yaliyoshindiliwa guniani kwa mguu, na mnajua kwa nini karani wa kituo cha kununulia chai huyakataa: hata ukiyamimina nje, hayarudi yalivyokuwa. Mfinyanzi uliobanwa hivyo haurudi, hata mvua inyeshe mwaka hadi mwaka.

Modeli basi ni nini? Wanafunzi wangu hudhani ni picha za rangi kwenye kompyuta. Msingi wake unaandikika nyuma ya risiti: zidisha unene wa tabaka, mita ambazo maji yameshuka, na kiasi ambacho tabaka hilo hubanwa kwa kila mita ya kushuka huko. Chukua mfinyanzi laini wenye unene wa mita 20, maji yashuke mita 30, na kipimo cha kubanwa kiwe 0.0005. Jibu ni sentimita 30, za kutosha kuvunja mabomba ya maji taka na kugeuza mkondo wa mtaro. Sasa chukua mita 60 za fonoliti, maji yashuke mita hizo hizo 30, na kipimo kiwe 0.000001. Jibu ni milimita 1.8. Namba hizi nimezichagua mimi ili mwone tofauti, hazikupimwa hapa. Hata mkizibishania, mtabishania milimita.

Sehemu ngumu ya modeli ni muda, na hapo ndipo viongozi hukosea. Mfinyanzi hutoa maji polepole mno. Tabaka lenye unene wa mita 10, ambalo maji hupenya ndani yake kwa kasi ya sehemu moja ya milioni ya mita kwa siku, huchukua miaka kama 34 kumaliza sehemu kubwa ya kushuka kwake. Tabaka la mita 2 la udongo ule ule huchukua chini ya mwaka mmoja na nusu. Unene ukiongezeka mara 5, muda huongezeka mara 25. Maana yake ni kwamba mji unaweza kufunga visima vyake leo, na ardhi ikaendelea kushuka hadi mtoto aliyezaliwa leo awe na watoto wake. Meya aliyefunga visima atalaumiwa kwamba hatua yake haikusaidia, na aliyeviruhusu atakuwa amestaafu zamani. Modeli nzuri inatenganisha lawama hizo mbili, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuilipia.

Mfano unaotajwa zaidi ni Mexico City, iliyojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale. Mnara wa Uhuru uliozinduliwa pale mwaka 1910 umesimama juu ya nguzo zilizoshuka chini sana, kwa hiyo wenyewe umebaki juu huku barabara inayouzunguka ikishuka. Imebidi ngazi 14 ziongezwe ili watu waufikie. Huko California, mwaka 1977, mtaalamu Joseph Poland alipigwa picha karibu na nguzo ya umeme katika bonde la San Joaquin, na kibao cha mwaka 1925 kimefungwa juu kabisa ya kichwa chake kuonyesha uso wa ardhi ulipokuwa. Tofauti ilikuwa kama mita 9. Maji yaliyovutwa huko yalimwagilia mashamba. Tokyo nayo ilishuka kwa mita kadhaa katika mitaa ya mabondeni, ikabana uvutaji wa maji kwa sheria katika miaka ya 1960 na 1970, ikatulia.

Turudi nyumbani. Nairobi ni mahali pamojawapo pa Kenya ambapo maji ya chini yamepimwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Samson Oiro na wenzake walichapisha katika Hydrogeology Journal modeli ya maji ya ardhini ya Nairobi, wakitumia vipimo vya visima vya tangu 1950. Chini ya jiji, maji yameshuka kwa wastani wa kati wa mita 6 kila muongo. Kwa hesabu ya modeli, mahali palipoathirika zaidi maji yameshuka hadi mita 46, hifadhi imepungua kwa mita za ujazo bilioni 1.5, na maji ya ardhini yanayolisha mito yamepungua kwa asilimia 9. Desturi ikibaki hii hii, namba hizo zitaongezeka mara 6 kufikia mwaka 2120.

Modeli ile ilihesabu maji. Kuhesabu kudidimia ni hatua inayofuata, na inahitaji kitu ambacho wachimbaji wengi hawakiandiki kwa makini: unene wa kila tabaka la mfinyanzi walilolipita. Nairobi iko juu ya lava na majivu ya volkano yaliyoshikamana, lakini kati ya lava hizo mna tabaka za Athi, ambazo ni mchanga, mfinyanzi na matope ya maziwa ya kale, na ndizo zinazotoa maji mengi. Kama serikali ingenipa vipimo vichache tu vya kuangalia ardhi, nisingevileta Chepilat. Kimoja kingekwenda kwenye tabaka hizo. Kingine kingekwenda kaskazini-mashariki ya Ziwa Naivasha, ambako visima vya mashamba vimeshusha maji kwa miaka mingi, na chini yake mmejaa mashapo ya ziwa.

Mnaopanda basi la Narok kwenda Nairobi mnakumbuka Machi 2018, barabara ilipokatwa na ufa mkubwa karibu na Mai Mahiu. Magazeti ya nje yakaandika kwamba Afrika inagawanyika. Wengine wakasema ni visima. Wanajiolojia wengi walioutazama walisema jambo la kawaida zaidi: mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu ya volkano yaliyojaza nyufa za zamani, na paa la shimo likaporomoka. Nakuru nayo ina mistari ya nyufa ya namna hiyo, na hufunguka wakati wa masika. Ardhi kushuka ni tukio moja lenye sababu nyingi, na anayejenga modeli ya pampu mahali ambapo mhusika ni mvua atapata ramani nzuri ya uongo.

Sasa, deni letu. Mwaka 1940 Mmarekani Charles Theis aliuliza swali ambalo mpaka leo nalipenda kuliko milinganyo yangu yote: maji yanayotoka kisimani yalikuwa yakienda wapi kabla kisima hakijachimbwa? Alijibu kwamba yana asili tatu tu. Yanatoka kwenye akiba ya chini, au ardhi inaanza kunyonya mvua zaidi, au maji yaliyokuwa yakitoka yenyewe kwenye chemchemi na mito yanapungua. Katika mfinyanzi, akiba ndiyo hulipa, na kulipa kwake ni kubanwa. Fonoliti yetu haina akiba ya namna hiyo. Maji yake yamo kwenye nyufa, kwenye ngozi iliyooza juu ya mwamba, na kati ya mmiminiko mmoja wa lava na mwingine. Ukivuta, nyufa hujibu haraka, na anayepungukiwa ni chemchemi ya bondeni, kisha kijito, kisha mto Kipsonoi, kisha mto Sondu hadi kwenye mitambo ya umeme ya Sondu Miriu. Hakuna jengo litakalopinda. Mama atakwenda kuteka maji mbali zaidi, na hakuna mtu atakayeleta kamera.

Ndiyo maana nasema modeli inayotufaa hapa ni ile ya chemchemi. Na hatuanzi bila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki wakiongozwa na H. C. Pereira walianza kupima mabonde mawili ya pembeni mwa msitu wa Mau huko Kericho: Lagan lililoachwa msitu, na Sambret ambalo sehemu yake ilifyekwa ikapandwa chai. Walipima mvua, mto, na maji ya udongoni, na kazi ikaendelea hadi miaka ya 1970. Waligundua kwamba chai iliyokomaa ilitumia maji karibu sawa na msitu, pungufu kidogo, mradi mteremko umelindwa. Ni nchi chache za tropiki zilizokuwa na vipimo vya namna hiyo wakati ule. Inaniuma kwamba vijana wetu wanaijua Mexico City kuliko Sambret.

Kuna atakayesema mhalifu ni mkaratusi wala si kisima. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na hoja yake ilikuwa na uzito: mti huo hunywa sana, na ukiwa ukingoni mwa mto hunywa mto wenyewe. Lakini modeli haichagui mshtakiwa mmoja. Unaweka mikaratusi, unaweka visima, unaweka mabati na lami ya soko linalokua ambayo hupeleka mvua mtaroni kabla haijazama, kisha unaangalia kila mmoja amechukua kiasi gani. Kwa dhana yangu, kwenye miteremko ya karibu na soko visima na mabati vitapata sehemu kubwa kuliko tunavyotaka kukubali.

Nimeulizwa pia kuhusu setilaiti. Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, hupita na rada yenye wimbi la sentimita 5.6 na inaweza kuona uso ukishuka kwa milimita. Rada hiyo imeonyesha volkano za Bonde la Ufa zikipanda na kushuka. Kwenye chai inahangaika: majani huchumwa, huota tena, hulowa, hutikiswa na upepo, na picha mbili za siku tofauti hazifanani. Wimbi la sentimita 24, kama la NISAR iliyorushwa Julai 2025, hupenya majani vizuri zaidi. Hapa Chepilat vitu vinavyoonekana vyema kutoka angani ni paa za mabati. Hata hivyo setilaiti haipimi kimo cha maji ndani ya kisima chako.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema maji yote ni mali inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Anayechimba anatakiwa kuwasilisha taarifa ya kisima: kina, tabaka zilizopitwa, maji yalipokutwa, kiasi cha maji kinachotoka kwa saa. Ombeni nakala. Mmeilipia pamoja na uchimbaji.

Kisha nawaomba shule, makanisa na viwanda vyenye visima mwanzishe kipimo kimoja kwa wiki. Inatosha kamba yenye alama za mita na kizito mwishoni, na daftari lisilohama na mwalimu akihamishwa. Pimeni alfajiri kabla pampu haijawashwa, siku ile ile ya juma, mwandike na mvua ya wiki hiyo. Na aliye karibu na chemchemi apime sekunde zinazochukuliwa kujaza mtungi wa lita 20. Mkinipa miaka mitatu ya madaftari kutoka upande wa Sotik na upande wa Kisii, nitawajengea modeli. Kabla ya hapo, yeyote atakayewauzia moja, muulizeni namba zake amezitoa kisima gani.