Nyuki Wakati wa Baridi



Mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya ushukapo hata Embu na Meru, nyuki mzingani husongamana juu ya majana yao. Hutetemesha misuli ya mbawa pasipo kuruka, na kwa kutetemeka huko majana hukaa katika joto la sentigredi 34 hadi 36, ijapokuwa nje sisi tumejitanda mablanketi.

Kuni zao ni asali. Ndiyo maana twasikitika tuonapo mzinga ukikombwa wote mwezi wa Juni, eti karo ya shule imekaribia! Nyuki wenye njaa huhama, nasi hubakiwa na gogo tupu mtini. Twamwomba kila mrina asali awaachie masega kadhaa, mpaka mvua za Oktoba zilete maua.