USUKANI MZITO: MAELEZO KWA MANAHODHA WA MASHUA NA MAJAHAZI



Chombo kinachokwenda joshi huwa na tabia ya kutaka kuelekeza omo kwenye upepo. Tabia hiyo ikiwa ndogo ina manufaa: mshika usukani akiteleza na kuiacha kana, chombo hugeukia upepo, tanga likapigapiga na mwendo ukafa. Ikizidi, mtu huchoka kabla ya kufika nusu ya Mkondo wa Pemba, na usukani uliopindishwa sana huzuia mwendo na kuvitesa vyuma vinavyoushika. Vyuma hivyo vikikatika usiku, wakati wa kusi, maisha ya waliomo chomboni huwa hatarini.

Nguvu ya upepo hukusanyika mahali fulani tangani, na ukinzani wa maji mahali fulani ubavuni mwa chombo. Pale pa tanga pakiwa nyuma mno ya pale pa maji, tezi husukumwa demani na omo hupanda joshini.

Mara nyingi tanga hulaumiwa bure, kwani kosa limo katika upakiaji. Magunia yakirundikwa omoni, omo huzama na ukinzani wa maji husogea mbele. Basi farumi na shehena zirudishwe tezini kidogo kidogo, huku kana ikijaribiwa. Zikizidi huko, chombo hukataa kupanda joshi.

Usukani ukibaki mzito, henza ifungwe juu kidogo ya pale palipozoeleka kwenye foromali, ili sehemu kubwa zaidi ya tanga itangulie mbele ya mlingoti. Kuinama mbele kwa mlingoti nako husaidia. Asiyejua hilo asiunyooshe kwa kutaka sura nzuri. Tanga kuukuu hulegea na tumbo lake hurudi nyuma, lishonwe upya.

Hata chombo kilichopangwa vyema, kikilala sana, nguvu ya tanga hutoka nje ya ubavu wa demani na kukizungusha joshini. Hapo kamba ya demani ilegezwe na watu wakae joshini. Kushusha foromali na kufunga tanga dogo ni kazi ndefu, hivyo ifanywe wingu linapoonekana, si upepo unapofika.

Kana ikishikika kwa mkono mmoja, imevutwa kidogo tu upande wa joshi, chombo kimekaa sawa.