Miaka Minne ya Amitabh Bachchan



Hotuba za mahafali zina desturi ya kumhimiza mhitimu avumilie. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia vijana, kisha tunapiga makofi. Methali hiyo ni ya kweli, ila haitoshi, na leo nataka kueleza kwa nini haitoshi. Ushahidi wangu ni mwanzo wa kazi ya Amitabh Bachchan, mtu ambaye watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wamemjua kwa nusu karne, tangu enzi za majumba ya sinema, zikaja kanda za video, na sasa simu za mkononi. Nimemchagua yeye kwa makusudi. Maisha yake ya mwanzo husimuliwa kila mahali kama kielelezo cha uvumilivu, lakini ukiyafuatilia mwaka baada ya mwaka, filamu baada ya filamu, unakuta yanafundisha jambo jingine, nalo lina manufaa zaidi kwa mtu anayetoka chuoni leo.

Hadithi inayosimuliwa ni hii. Kijana amezaliwa Allahabad tarehe 11 Oktoba 1942, anahitimu shahada ya sayansi katika chuo cha Kirori Mal huko Delhi, anaajiriwa ofisini Calcutta. Anaomba kazi ya utangazaji All India Radio, anakataliwa kwa sauti ileile ambayo baadaye itakuwa maarufu kuliko sauti zote za sinema ya Kihindi. Anaacha mshahara, anakwenda Bombay. Watengenezaji wa filamu wanamwona mrefu mno. Filamu zinaanguka moja baada ya nyingine: Bansi Birju, Ek Nazar, Raaste Kaa Patthar, na Bandhe Haath. Hakukata tamaa. Mwaka 1973 ikatoka Zanjeer, na tangu hapo yeye ndiye stelingi.

Kila neno hapo ni kweli, lakini kuna kitu kimerukwa: nani alimpa hiyo Zanjeer, na alimjulia wapi? Tuanze na filamu yake ya kwanza kama mwigizaji, Saat Hindustani ya mwaka 1969. Mwongozaji wake alikuwa Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi aliyemwandikia Raj Kapoor ile Awara ya 1951 iliyowaliza wazee wetu Unguja na Dar es Salaam. Saat Hindustani, yenye watu saba wanaokwenda kuikomboa Goa, haikuingiza fedha. Lakini miongoni mwa waigizaji wenzake alikuwamo kijana aitwaye Anwar Ali, wakawa marafiki, na Anwar Ali alikuwa mdogo wake Mehmood, mchekeshaji mkubwa kuliko wote India wakati ule. Amitabh asiye na kazi akakaribishwa kukaa katika nyumba ya ukoo ule. Mehmood alipotengeneza Bombay to Goa, iliyotoka 1972, akampa nafasi kubwa. Na ni kwa kuitazama Bombay to Goa ndipo waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, wakaamini wamempata mtu wa hadithi yao ya Zanjeer, ambayo nyota kadhaa walikuwa wameikataa, Dharmendra na Dev Anand wakiwamo. Wakampigania kwa mwongozaji Prakash Mehra. Ukiikata kamba hii popote, iwe kwa Abbas, Anwar Ali au Mehmood, Zanjeer inakwenda kwa mtu mwingine, hata kama kijana yule angevumilia miaka ishirini.

Tena tazameni ni kitu gani hasa waandishi wale walikiona. Wamesimulia wenyewe kwamba haukuwa mlolongo wa maneno mazito wala kilio cha kumtoa mtazamaji machozi. Kulikuwa na ugomvi mgahawani kati ya Amitabh na mwigizaji mwenzake Shatrughan Sinha. Amitabh anapigwa, anaanguka, anainuka, na muda wote huo anatafuna chingamu. Anapoinuka bado anatafuna, kana kwamba ngumi ile haikumhusu. Basi! Bombay to Goa ni filamu ya vichekesho na nyimbo ndani ya basi, ambayo mtu angeweza kuiigiza nusu nusu huku akingoja kazi ya heshima. Yeye hakungoja. Utulivu ule wa kutafuna huku hasira ikichemka chini yake ndio watu walioukuta baadaye kwa Inspekta Vijay ndani ya Zanjeer, anapokipiga teke kiti kabla mhalifu Sher Khan hajakikalia na kumwonyesha kwamba kituo cha polisi si nyumbani kwa baba yake.

Mfano mwingine unawahusu kwa karibu ninyi mnaotoka hapa Woluwe-Saint-Lambert, Brussels, na shahada za tiba, famasia na afya ya jamii. Mwaka 1971 Amitabh aliigiza daktari katika Anand. Filamu hiyo ilikuwa ya Rajesh Khanna, nyota wa siku zile, anayecheza mgonjwa wa saratani mwenye furaha. Kazi ya Amitabh ilikuwa kukaa pembeni na kumtazama akifa. Daktari Bhaskar tunamkuta mwanzoni akiwatibu maskini, amechoka na amekasirika, kwa kuwa anayaona magonjwa ambayo dawa yake ni chakula, na chakula hakiandikwi kwenye cheti. Wengi wenu mtaikuta hasira hiyo Bukavu, Kigoma au Kilifi, na hata katika mitaa ya Brussels hii hii. Nafasi hiyo ya pili, ndani ya filamu ya mtu mwingine, ilimpa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi. Mwaka huohuo, katika Reshma Aur Shera, alipewa nafasi ya bubu, aigize bila kutamka neno, naye akaigiza.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kazi huzaa kazi kwa njia ya watu walioiona. Uvumilivu humweka mtu mahali anapoweza kuonekana, lakini haumwonyeshi.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtasema Amitabh hakuwa mtoto wa maskini: baba yake, Harivansh Rai Bachchan, alikuwa mshairi mashuhuri aliyepata shahada ya udaktari Cambridge, na mama yake Teji alikuwa rafiki wa Indira Gandhi. Ni kweli, na anayeisimulia hadithi hii bila kulitaja hilo anawadanganya vijana. Lakini tupime jina la baba lilifanya nini na halikufanya nini. Kwa maelezo ya Abbas mwenyewe, alimkubali kijana kwanza, akajua baadaye ni mtoto wa nani, na hapo akasita mpaka baba aridhie. Wala jina la mshairi halikuuza tiketi za Ek Nazar. Kilichotoka nyumbani kilikuwa muda: uwezo wa kushindwa miaka minne bila ya wadogo zako kukosa ada wala wazazi kulala njaa.

Thamani ya muda huo tunaweza kuipima kwa kumweka pembeni yake mtu asiyekuwa nao. Mwigizaji Nawazuddin Siddiqui alitoka Budhana, mji mdogo wa Uttar Pradesh, kwenye familia ya wakulima. Alisomea kemia, akafanya kazi ya kemia Vadodara, akawa mlinzi Delhi, akahitimu shule ya taifa ya maigizo mwaka 1996. Mwaka 1999 alionekana kwa dakika chache katika Sarfarosh. 2003 alikuwa mwizi wa mfukoni katika Munna Bhai M.B.B.S. Kisha mwongozaji Anurag Kashyap akampa nafasi katika Black Friday, filamu iliyokamilika 2004 ikazuiliwa na mahakama hadi 2007. Ni Kashyap huyohuyo aliyempa Gangs of Wasseypur mwaka 2012, na hapo ndipo India nzima ikamjua. Kamba ni ileile: nafasi ndogo, jicho lililoiona, nafasi kubwa. Tofauti ni urefu wake. Kutoka Saat Hindustani hadi Zanjeer ni miaka minne. Kutoka Sarfarosh hadi Wasseypur ni 13. Miaka tisa hiyo ya ziada ndiyo bei anayolipa mtu asiye na mtu, na hakuna methali inayoweza kuifuta.

Pingamizi la pili ni kwamba tunawahesabu waliofika tu. Bombay haikukosa vijana warefu, wenye sauti nzito, walioigiza vizuri katika filamu zilizosahaulika, wasionwe na yeyote. Nalikubali pingamizi hili kikamilifu, na kwa sababu hiyo sitawaahidi kwamba kazi njema italipwa. Naona, hata hivyo, kwamba linaiongezea hoja yangu nguvu. Kama kipaji peke yake kingejifikisha, sisi tuliotangulia tungeweza kukaa tukitazama. Lakini kama kinahitaji jicho, basi kila mwenye nafasi ya kuona ana deni, na walioachwa gizani ni lawama yetu kabla ya kuwa bahati yao mbaya.

Hapa Woluwe kungoja kuonwa kuna tarehe ya mwisho. Tangu 2021 sheria ya Ubelgiji inampa mhitimu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hadi miezi 12 ya kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yake baada ya masomo. Miezi 12 si miaka minne, sembuse 13. Anayemwambia kijana mwenye kibali cha mwaka mmoja kwamba asubiri tu, anamwambia arudi mikono mitupu. Kijana huyo anahitaji mtu wa kulitaja jina lake katika kikao ambacho yeye hakualikwa.

Wala msidhani ni wakubwa tu wanaoweza kutaja jina. Karibu na kituo cha metro cha Alma lipo lile jengo la makazi ya wanafunzi liitwalo Mémé, lenye madirisha yasiyofanana. Miaka ya 1970 ilipokuwa inaanza, wanafunzi wa tiba waliikataa ramani iliyokuwa imeandaliwa wakamtaka mbunifu Lucien Kroll, naye akachora pamoja nao. Jengo hilo ndilo lililompa jina duniani. Waliolitaja jina lake walikuwa wanafunzi, hawana fedha wala vyeo.

Wahitimu, nawaomba mfanye kazi ya kwanza mtakayopata, hata ikiwa ya zamu za usiku chini ya shahada yenu, kana kwamba Salim na Javed wamekaa safu ya nyuma. Na wenzangu mlio na ofisi, maabara, maduka ya dawa na wodi, katika jiji hili na huko nyumbani, naomba kila mmoja wenu, kabla hajaondoka ukumbini, achukue jina la mhitimu mmoja asiye ndugu yake, na wiki ijayo alitaje mbele ya mtu anayeajiri.