Notisi ya Benki: Una Siku 60



Msikilizaji wa Nkome, uliweka nyumba rehani benki. Ukanunua injini ya mtumbwi, au karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Samaki wakapungua. Marejesho yakakwama. Sasa dalali anabisha hodi.

Je, benki inaweza kuuza nyumba bila kukupa notisi? Hapana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka upewe kwanza notisi ya maandishi, na siku 60 za kulipa. Narudia: siku 60, tangu uipokee. Na mnada wenyewe lazima utangazwe walau siku 14 kabla.

Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako alipaswa kuridhia rehani hiyo. Akina baba, hili tunalijua, tunajifanya hatulijui.

Lakini usingoje mnada upite. Hapo ndipo wengi huumia. Nyumba ikishauzwa kwa mtu aliyenunua kwa nia njema, sheria humlinda yeye. Wewe huenda ukabaki kudai fidia tu.

Kwa hiyo, andika tarehe uliyopokea notisi. Nenda benki mapema, uombe kupangiwa upya marejesho, na majibu yawe ya maandishi. Ukiona taratibu zimerukwa, wahi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Geita. Omba zuio kabla ya mnada. Beba mkataba, notisi, na risiti zote za malipo.