Kuku Mdogo Asiyeweza Kusimama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Miongoni mwa mambo yanayofikishwa mara kwa mara mezani kwa katibu wa chama ni hili: mwanachama ameamka na kumkuta kuku wake mdogo amelala ubavu. Macho yake ni maangavu na hamu ya kula ipo, lakini miguu haimbebi. Mwanachama huyo aghalabu haji kuuliza kuku ana nini. Huja kuuliza inunuliwe dawa gani. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Udhaifu wa miguu si ugonjwa bali ni dalili, na asili zake ni nyingi. Dawa ya kuua bakteria, ambayo ndiyo hukimbiliwa dukani, yaweza kufaa pale kifundo cha mguu kilipovimba na kupata moto kwa sababu ya usaha. Kwa asili nyingine zilizo nyingi haifai kitu.

Kwa hiyo hapana budi kuanza na umri wa kuku na sakafu anayokanyaga. Kifaranga wa siku chache ambaye miguu yake imetanuka pande mbili, mmoja huku na mwingine kule, mara nyingi amelelewa juu ya karatasi laini au saruji tupu. Huyu hana maradhi. Afungwe miguu kwa kitambaa chepesi, kwa kuacha nafasi ile ile ya kusimama kwa kawaida, na awekwe juu ya gunia au maranda makavu. Akiwahiwa, hupona kwa siku chache. Akicheleweshwa, mifupa hukomaa vibaya.

Kifaranga wa wiki mbili au tatu anayetembea kwa vifundo, vidole vikiwa vimekunjwa kuelekea ndani kama ngumi, anaonyesha upungufu wa vitamini B2. Huyu naye huokolewa akiwahiwa: apewe vitamini katika maji, pamoja na mchicha uliokatwakatwa, maini yaliyochemshwa au mtindi kidogo. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu hairudi tena. Ikiwa mdomo na mifupa ni laini na hupinda kwa kidole, hilo ni tatizo la madini na vitamini D. Kuku huyo anahitaji jua na chakula chenye chokaa na unga wa mifupa kwa kipimo chake. Hata hivyo, chakula cha kuku watagao wasipewe wadogo kwa kudhani kwamba chokaa nyingi ndiyo nguvu, kwa maana ziada hiyo huwadhuru figo.

Yafaa kukumbuka kwamba kuku wa kienyeji anayeparura jalalani ni nadra kupatwa na upungufu huo. Hujitafutia wadudu na majani, na jua halikosi. Anayeumia ni yule aliyefungiwa bandani na kupewa pumba pekee, tena mara nyingi ndiye aliyenunuliwa kwa bei kubwa.

Asili inayotisha zaidi ni mahepe. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria, naye aliutambua kwa majogoo waliopooza miguu. Huwashika kuku wenye umri wa wiki 6 na kuendelea. Mara nyingi mguu mmoja hunyooshwa mbele na mwingine nyuma. Ni virusi, na hausikii dawa yoyote. Virusi hivyo hukaa katika vumbi la manyoya kwa miezi mingi, na chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kifaranga anapoanguliwa. Kwa hiyo swali la katibu kwa muuza vifaranga liwe moja: wamechanjwa mahepe au hawakuchanjwa? Jibu hilo liandikwe kwenye stakabadhi.

Mdondo nao hupoozesha miguu, lakini hauji kimya. Shingo hupinda, mabawa hulegea, kinyesi huwa cha kijani na vifo hufuatana. Kinga yake ni tone moja la jicho la chanjo ya I-2 inayovumilia joto, ambayo nchini Tanzania hutengenezwa Kibaha. Tone hilo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Wakati asili haijajulikana, kuku atengwe siku hiyo hiyo, naye ahudumiwe baada ya wazima kuhudumiwa, si kabla. Maji na chakula viwekwe karibu na mdomo wake, kwani wengi hufa kwa kiu wala si kwa maradhi. Ageuzwe upande mara kadhaa kwa siku, na matandiko yabadilishwe yakilowa. Asiuzwe. Ikiwa baada ya siku chache hali inazidi, au mwingine naye ameanguka, Afisa Mifugo aitwe. Kuku aliyekufa karibuni apelekwe akiwa amepozwa kwa barafu, bila kugandishwa, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Vipo Temeke, Arusha, Mwanza, Iringa na kwingineko.

Limebaki jambo moja linalohusu ghala la chama. Wanachama watatu au wanne wakileta malalamiko ya miguu katika wiki moja, kabla ya kulaumu banda la yeyote, katibu aangalie magunia ya chakula. Vitamini huharibika kwa joto, unyevu na kukaa muda mrefu, na mahindi yenye ukungu huleta sumukuvu. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Katika daftari iandikwe tarehe ya kutengenezwa chakula, namba ya gunia na jina la aliyelichukua. Chakula kinachotiliwa shaka kisimamishwe kuuzwa, na kilo moja yake ifungwe katika mfuko mkavu, iwekwe saini ya katibu na ya mwanachama, ingoje maabara.